Mto Uliovutwa Sebuleni

Mtaani walimwita Misumari, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi wa makochi. Ukipita mbele ya nyumba yao asubuhi ungemkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, nyundo mkononi, midomo imebana misumari midogo kumi au kumi na miwili. Anausukuma mmoja kwa ulimi, anaupokea kwa vidole, anaugonga mara mbili, anausukuma mwingine. Mtu mwenye misumari mdomoni hajibu salamu, anainua nyusi tu. Ukimuuliza kochi litakuwa tayari lini, anakuonyesha vidole vitatu, maana yake siku tatu. Ukimwambia kitambaa ulichochagua mwenyewe sasa hukipendi, anakutazama mpaka uone haya na kukipenda upya. Miaka thelathini ya kazi hiyo ilimzoesha kimya hata siku ambazo mdomoni hamna kitu.

Aliwahi kuolewa. Mume alivumilia miaka minne, kisha akasema kuishi naye ni sawa na kuishi na kabati, akafungasha virago. Wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo, alimuuliza kama ana la kusema. Misumari akasema kabati halijawahi kumkimbia mtu. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizotoa mwaka ule, na wifi aliizungusha mtaa mzima.

Akarudi kwa baba yake, naye akampokea bila maswali. Baba pia alikuwa na jina la kazini. Kwa miaka thelathini na minne aliajiriwa na idara ya maji kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Alikuwa na fimbo ya chuma. Anaisimika barabarani, anaweka sikio kwenye ncha ya juu, anafumba macho, halafu anasema, "Chimbeni hapa." Wakichimba hapo, wanakuta maji. Wenzake wakamwita Sikio. Siku moja walikuja wahandisi na mashine yenye taa nyekundu na kijani. Mashine ikasema kulia, Sikio akasema kushoto. Walichimba kulia kutwa nzima, kesho yake wakaja kushoto kimyakimya, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Kisha macho yakamwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Mwaka wa kwanza mzee alijikaza kisabuni, akawa anatoka na fimbo mpaka kwa kinyozi wa jirani kupiga soga. Mwaka wa pili akaacha. Alihamishia kiti chake chumba cha nyuma, akakigeuza kuelekea ukutani, na hapo akakaa. Chakula alirudisha nusu. Akisemeshwa alijibu "eh" au "haya". Misumari alikuwa anaona kwamba baba yake anaondoka kidogokidogo akiwa bado amekaa kitini, na yeye hakuwa na maneno ya kumrudisha, maana maneno hayakuwa fani yake.

Ndipo televisheni ikatangaza kwamba hekaya ya Mwanamke Aliyevuta Mto itaonyeshwa upya. Sehemu sita, kila Jumapili saa kumi jioni.

Hekaya hiyo Misumari aliijua kwa moyo. Alisimuliwa na baba yake utotoni, kila mara mabomba ya mtaa yalipokauka na majirani kusimama dirishani kumtukana mtu wa idara ya maji. Baba alikuwa anafunga dirisha, anawakusanya watoto wawili mkekani, na kuanza. Palikuwa na mfalme aliyeweka lango kwenye mto na kuwapigisha watu magoti kabla hawajateka maji. Mto ukaona haya kwa ajili ya wale watu, ukahama. Mji ukabaki na vumbi. Mwanamke mmoja msuka kamba akawaendea wanawake wote wa mji, akawaomba nywele zao, akaanza kwa kunyoa za kwake. Akasuka kamba ya nywele, akaenda kuutafuta mto, akaufunga na kuuvuta kurudi nyumbani siku saba. Mto ulikuwa umempa sharti moja. Utakunywa watakapokuwa wamekunywa watu wote wa mji wako, ukionja tone kabla ya hapo, narudi nilikotoka. Akavuta maji siku saba na kiu yake. Akafika, watu wakanywa, akawahesabu, akakuta mmoja amepungua. Ni mfalme, amejificha kwa aibu. Na yule mama, midomo imepasuka, akaenda kumtafuta mfalme akamnywesha kwa mikono yake. Ndipo naye akanywa.

Misumari akiwa na miaka saba, hekaya hiyo iliigizwa kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya picha nyeusi na nyeupe. Idara ya maji ilikuwa na televisheni moja ukumbini, na baba alimpakata. Mto ulikuwa shuka. Kila mtu aliona kwamba ni shuka, hata kiraka chake kilionekana. Lakini yule mama mwenye kipara alipoweka kamba begani na shuka likaanza kusogea, ukumbi mzima wa mafundi bomba, watu wenye matope mpaka magotini, ulinyamaza. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Taratibu mama, usiyamwage." Watu wakimuuliza Misumari ilikuwaje mwanamke akachagua kazi ya makochi, anainua mabega tu. Jibu ni lile shuka. Aliona kitambaa kikigeuka maji mbele ya macho yake, na mshangao ule haujamtoka mpaka leo.

Basi tangazo liliposikika, mzee aliinua kichwa. "Umesema Jumapili?" aliuliza, ingawa hakuna aliyesema kitu isipokuwa televisheni. Jumamosi akamwita kinyozi aje amnyoe ndevu. Jumapili akadai shati lililopigwa pasi. Saa tisa na nusu alikuwa sebuleni kwenye kochi, uso kuelekea kwenye sauti, mikono magotini kama mtoto anayengoja zawadi.

"Utaniambia ninachokikosa," alimwambia binti yake. "Maneno nitayasikia mwenyewe. Wewe niambie picha tu."

Misumari akaitikia kwa kichwa, akakumbuka haonekani, akasema, "Haya."

Muziki ukapiga, ngoma na vinanda vya kutisha. Kisha akatokea yule mama, na moyo wa Misumari ukaporomoka. Kwanza hakuwa mama, alikuwa msichana wa miaka ishirini. Pili alikuwa na nywele. Nywele mpaka kiunoni, zimechanwa, zimepakwa mafuta, zinapepea mbele ya feni ambayo huioni lakini unajua ipo. Alivaa kiatu cha ngozi chenye kisigino, na mgongoni alibeba upanga. Sina ugomvi na watu wa televisheni, wana familia za kulisha. Lakini mtu anayechukua hekaya ya mwanamke aliyetoa nywele zake, akamwachia nywele zote, huyo alikuwa anafikiria nini?

"Kichwa chake kikoje?" aliuliza mzee.

Hapo ndipo Misumari angeweza kusema kweli. Alimtazama baba yake, shati la pasi, ndevu zilizonyolewa upya, shingo iliyonyooka kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Kisha akatazama kule chumba cha nyuma, kiti kikiwa bado kimeelekea ukutani.

"Kipara, Baba," alisema. "Kinang'aa."

"Naam," alisema mzee, akaegemea.

Kabla Misumari hajameza mate, yule msichana alichomoa upanga, na askari wanane wakamzunguka. Vyuma vikalia sebule nzima.

"Nini hicho kinagongwa?"

"Masufuria," alisema Misumari, na hakujua neno hilo limetoka wapi. "Wanawake wa mji... wamekwenda kwa mfalme na masufuria matupu. Wanayagonga mbele ya lango. Hawasemi kitu. Wanagonga tu."

Mzee aliinamisha sikio kuelekea televisheni. Kisha akasema polepole, "Hilo la masufuria sikuwahi kulisikia. Ni zuri hilo."

Misumari akachukua rimoti, akapunguza sauti, akasema spika zina kelele. Kwa dakika arobaini zilizobaki alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mumewe kwa miaka minne. Kwenye kioo msichana alikuwa anapigana na joka la moto, kisha anapendana na mwana wa mfalme kwenye shamba la maua, na hakuna aliyejiuliza katika mji usio na maji maua yametoka wapi. Sebuleni wanawake walikuwa wanagonga masufuria.

Jioni hiyo mzee alimaliza sahani. Misumari alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sinki, akaiosha sahani ile mara mbili. Hakuwahi kumdanganya baba yake hata mara moja, na sasa alikuwa amemdanganya saa nzima bila kupumzika. Baba akijua, alifikiri, atarudi ukutani, na safari hii hatageuka tena. Zimebaki Jumapili tano.

Jumapili ya pili wifi akaja, maana televisheni yake imeharibika na hataki kumkosa mwana wa mfalme. Na kinyozi naye akaja kumrudishia mzee kofia aliyoisahau dukani kwake mwaka mmoja uliopita. Wakakaa. Kwenye kioo mwana wa mfalme alikuwa anaoga, kifua wazi. Wifi akashusha pumzi.

"Wanawake wamejipanga mstari," alisema Misumari.

Wifi akageuka. "Wanawake gani?"

Misumari akamtazama. Wateja wenye kitambaa wasichokipenda wanalijua jicho lile. Wifi akafunga mdomo, jambo ambalo kaka wa Misumari hajawahi kulifanikisha kwa miaka kumi na saba ya ndoa.

"Wamejipanga mstari mpaka nje ya mji," aliendelea Misumari, macho kwenye mapaja yake. "Msuka kamba ana wembe mmoja. Wa kwanza kukaa chini ni mama mzito, ana mimba, nywele zake ni fupi, anaona aibu kwamba ni fupi. Msuka kamba anamwambia nywele fupi ndizo zinazoshika ndani ya msuko, ndefu huteleza. Anakuja bibi mwenye mvi. Anakuja bi harusi, nywele zake zimesukwa tangu jana, anabubujikwa na machozi, lakini anakaa. Nywele zinaangukia mkekani. Nyeusi, nyeupe, za rangi ya udongo. Msuka kamba haziweki mafungu. Anazichanganya. Kila msuko una watu watatu ndani yake. Anavuta kujaribu, hivi, anavuta tena. Kamba ikiwa mbaya inalia. Hii hailii."

"Mzee, siku hiyo vinyozi tungestaafu matajiri," alisema kinyozi.

"Nyamaza wewe," alisema wifi, "muache aendelee." Alikuwa ameshika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, na mwana wa mfalme alikuwa amemaliza kuoga bila kutazamwa.

Neno likatembea, na miguu ya wifi ndiyo iliyolitembeza. Jumapili ya tatu walikuja watu saba. Ya nne walikuja kumi na mmoja, na wote walikuwa na televisheni majumbani mwao. Walileta viti vyao. Walipita kwa mzee kumpa mkono na kumnong'oneza kwamba spika hii kweli ni mbovu, wakakaa wakiwa wametazama kila upande isipokuwa kwenye kioo. Hakuna aliyewaambia wanyamaze kuhusu siri ile. Watu wa mtaa ule hawajawahi kutunza siri hata moja, lakini ile waliibeba kama yai.

Misumari mwenyewe hakuelewa kinachomtokea. Wiki nzima alipiga misumari yake bila kufungua mdomo, kama zamani. Lakini ikifika Jumapili saa kumi, akikaa kwenye kigoda pembeni ya baba, maneno yalikuja yenyewe, yamepangwa, kila moja limekatwa kwa kipimo. Alikuwa anayasikia na kushangaa pamoja na wageni. Yalikuwa wapi miaka yote hii? Alipigwa na butwaa kwa sauti yake mwenyewe, na aliogopa kuigusa, isije ikakatika.

Jumapili ya nne ilikuwa ya kuvuta. Kwenye kioo mto uliletwa na farasi wenye mabawa, bila kamba. Misumari alikwenda uani akarudi na gombo la mkanda wa makochi, ule mkanda mpana wa nyuzi nene unaofungwa chini ya kiti kubeba uzito wa mtu. Ncha moja akaifunga kwenye kochi kubwa la mteja lililongoja kuchukuliwa pale sebuleni, watu watatu wakiwa wamekaa juu yake. Ncha nyingine akampa baba yake.

"Shika, Baba. Hivi ndivyo mto ulivyo mzito."

Mzee akaupitisha mkanda begani. Akasimama. Hakuna aliyemsaidia. Akavuta. Mkanda ukakaza, mishipa ya shingo ikasimama, na Misumari akasema, "Siku ya kwanza mto haukusogea. Siku ya pili uligeuza kichwa," na kochi likasogea kidole kimoja pamoja na watu wake watatu. Mzee akacheka. Kicheko kile kilikuwa hakijasikika katika nyumba ile miaka miwili, na wifi akatoka nje kwenda kulia vizuri.

Tangu siku hiyo mzee alianza kutoka tena. Asubuhi alikwenda kwa kinyozi, fimbo mkononi. Kiti cha chumba cha nyuma kikabaki kimeelekea ukutani bila mtu.

Ya tano ilipita salama, lakini ya sita ilikuwa inakuja, na hiyo ndiyo iliyomnyima Misumari usingizi. Tangazo la wiki nzima lilionyesha mwisho wake. Msichana anamchoma mfalme upanga, damu inatiririka ngazini, watu wanashangilia. Kila tangazo lilipoanza Misumari aliruka na kuzima. Hapo hakukuwa na pa kushika. Na Jumamosi jioni, wakiwa wawili mezani, mzee akamwongezea mzigo.

"Kesho ni ya mfalme," alisema. "Nikwambie kitu? Hapo sijawahi kupaelewa. Niliwasimulia kwa sababu ndivyo nilivyosimuliwa. Lakini mtu amekuzibia maji, amekupigisha magoti, halafu wewe na kiu yako unakwenda kumtafuta umnyweshe? Mimi ningemwacha palepale. Nangoja kuona hao wa televisheni watapaelezaje."

Misumari akasema, "Eh." Alijua kesho akisema ovyo, akitia chumvi pasipo na ladha, sikio lile litasikia, na kila kitu kilichojengwa Jumapili tano kitabomoka.

Jumapili sebule ilijaa mpaka barazani. Watu ishirini na kitu, feni ya dari inazunguka kwa kuchoka, joto limekaa juu ya kila mtu. Televisheni iliwashwa, sauti chini kabisa. Misumari aliona upanga kwenye kioo, akafumba macho ili asiuone. Alifumba kama baba yake alivyokuwa akifumba juu ya fimbo ya chuma.

"Mto umeingia mjini," alisema.

Akawapitisha. Alieleza maji yalivyoingia kwanza kwenye nyufa za barabara na nyufa zikanyonya, watu wakadhani yameisha. Alieleza watoto ambao hawakuwahi kuona maji yakitembea, wakayakimbia. Bi harusi mwenye kipara alikunywa akapaliwa. Wanyama walikunywa. Msuka kamba alikaa pembeni, kamba bado begani, maji yanapita kwenye vidole vya miguu yake, na ulimi wake umeshikamana na kinywa. Anahesabu. Anahesabu tena. Mmoja hayupo.

"Watu wakamwambia, huyo muache," alisema Misumari. "Walikuwa na haki. Akawatazama. Midomo yao imelowa, ndevu zinadondoka maji. Na akaona kwamba tayari wamesahau. Mtu akishakunywa haikumbuki kiu, analikumbuka jina lake tu. Walikuwa wanaizungumza kiu kama kitu cha babu zao. Yule mama akaelewa kwamba katika mji mzima wenye kiu wamebaki wawili. Yeye na mfalme. Hakuna mwingine aliyekuwa anajua hali ile, ulimi ukiwa mzito, macho yakikwaruza. Ndiyo maana akaenda. Sidhani alimsamehe, Baba. Mimi sidhani. Alikwenda kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda."

Hata wa barazani walikuwa wamesogeza vichwa dirishani.

"Akachota kwa viganja, maana chombo hana. Akavuka mji mzima na maji yapo hapa, chini ya pua yake. Anayanusa. Vidole vimechubuka kwa kamba, amevibana visivuje. Alimkuta kwenye bwawa alilojichimbia mwenyewe, limekauka, amelala uso chini. Akapiga magoti. Mfalme ndiye aliyelala, yeye ndiye aliyepiga magoti, na safari hii hakuna aliyemlazimisha. Akamnywesha."

"Akasema nini?" aliuliza mzee. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakusema. Aliitazama mikono ya yule mama. Akaona kamba ilivyomla."

"Halafu?"

Misumari akafungua mdomo, na koo likawa limekauka. Maneno yaliisha palepale. Akafumbua macho kutafuta msaada, akaona kioo cha televisheni ni cheusi. Taa yake ndogo nyekundu haipo. Ndani ya weusi ule walionekana watu wote wa sebuleni, wadogo, wamekaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametazama kule. Umeme umekatika, na yeye hakujua ni tangu lini. Akamtazama baba yake.

"Feni imesimama tangu mfalme hajaanza kutafutwa," alisema mzee.

Wifi aliuma kidole.

"Baba," alisema Misumari. "Mimi..."

"Mwanangu, nimesikiliza mabomba miaka thelathini na minne. Unadhani sijui upanga unaliaje na sufuria linaliaje? Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini?" Mzee aligeuza uso kwenye sauti ya binti yake, na uso ule ulikuwa umelowa mpaka kidevuni. "Nina binti wa miaka hamsini, sijawahi kujua ndani yake mna nini. Siku moja nasikia yanatiririka. Nimetafuta maji maisha yangu yote, leo nimepata panapovuja nyumbani kwangu, niende nikapazibe?"

Kinyozi alijaribu kucheka, akashindwa, akafuta macho kwa ile kofia ya mzee. Watu walikaa vilevile. Walikitazama kisogo cha mwanamke waliyemjua miaka yote kama watu wanavyotazama mlima ambao jana haukuwepo. Misumari alikuwa analia bila kelele, misumari miwili iliyosahaulika ikiwa bado imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake.

Wifi ndiye aliyeinuka, kwa kuwa hawezi kukaa muda mrefu na kitu kizito. Alisema joto litawaua, akaenda jikoni, akarudi na jagi na bilauri moja, maana bilauri za nyumba ile ziko nne na watu ni ishirini na kitu. Ikapita mkono kwa mkono. Wa barazani wakanywa, wa dirishani wakanywa, kinyozi akanywa, waliokaa kwenye kochi la mteja wakanywa. Wifi akanywa. Akajaza tena, akampa mzee, akamshikisha vidole. Mzee akanywa polepole mpaka chini, akapangusa mdomo kwa mkono wa shati la pasi.

Kisha akainua bilauri tupu hewani ijazwe, na kuuliza sebule nzima:

"Nani hajanywa?"

Kila mtu akageuka, lakini hakuna aliyejibu, maana jibu halikuwa lao.

"Mimi, Baba," alisema Misumari.